Neno Zuri Nalo Linangoja Mnada?



Ndugu zangu, tuchukue mfano wa nyumba moja. Mume ni wa Mbinga, mtoto wa kahawa. Mke ni wa Mbamba Bay, binti wa ziwani. Kati ya kwao na kwao ni kama kilomita 66 tu, lakini kila mmoja ameingia ndani na mapenzi yake.

Mume amekulia shambani, pesa ni ya msimu. Kahawa huchumwa, kisha hungojewa mnada. Kwake kupenda ni kujenga: "Subiri msimu, nitaezeka bati." Akishalima, anaona ameshasema yote. Mke amelelewa ufukweni. Dagaa wanavuliwa usiku, asubuhi wanauzwa, jioni pesa imeonekana. Kwake kupenda ni kwa leo: salamu, neno zuri, kuulizwa biashara imekwendaje. Ahadi ya miezi sita mbele anaiona dharau, na akijibu, hajibu kwa kunong'ona.

Mume analalamika hatiiwi, mke analalamika hapendwi. Na wote wagumu!

Kesi ikifika kwetu masheikh, wengi tuna dawa moja: "Mama, mtii mumeo, subiri." Basi, tumemaliza. Hapa natofautiana na wenzangu.

Kumbukeni kisa cha Barira na Mughith (r.a.), kimo katika Sahihi Bukhari. Barira alipoachwa huru alipewa hiari, akamkataa mumewe. Mughith akawa anamfuata njiani Madina akilia, machozi yanamchuruzika ndevuni. Mtume (s.a.w.) akamwomba Barira amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa anaombewa tu. Akasema hamhitaji. Na Mtume hakumkemea. Sasa sisi tunaamrisha moyo wa mtu kwa mamlaka gani?

Lakini hawa wetu bado wanatakana. Kwa hiyo turudi Suratun Nisaa, aya ya 35: mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa za mume, mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Wawili, si sheikh peke yake. Mzee wa mlimani ndiye anayeweza kumweleza binti kwamba mkulima kabla ya mnada hana kitu mfukoni kweli, hafichi, na asitangazwe kwa mawifi. Na mzee wa ziwani amuulize kijana: pesa ya kila siku huna, sawa, neno zuri nalo linangoja mnada?

Mnaochumbiana, semeni mapema. Binti akitaka kuendelea na biashara yake ya dagaa, aseme kabla ya nikah, walii wake akisikia. Mwanamume akikubali, hilo limekuwa sharti, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa masharti ya ndoa ndiyo yanayostahiki zaidi kutimizwa. Asije mwezi wa tatu akaanza, "Kwetu mlimani wanawake hawashindi sokoni." Alikuwa wapi siku ya posa?

Wallaahu a'lam.