Neno la Mhariri: Gereza Lilipokuwa Kanisa

Mtu wa Jakarta akikwambia kwamba kila Jumapili huenda gereja na mkewe na watoto, usimpe pole. Anakwenda kusali. Gereja lake na gereza letu ni ndugu wa tumbo moja: yote mawili yametokana na igreja ya Kireno, na igreja nayo imetokana na ecclesia ya Kilatini. Kwao neno limebaki na msalaba, kwetu likatiwa kufuli. Toleo hili linahusu maneno ya dini yaliyohama, nami nimechagua kulifungua kwa neno hili kwa sababu namna tunavyolifundisha inanikera.

Shuleni mwanafunzi hupewa jedwali la maneno ya mkopo. Chini ya Kireno ataona meza, leso, bendera, mvinyo, karata, gereza. Anakariri, anajibu mtihani, yamekwisha. Akibahatika kuwa na mwalimu mdadisi ataambiwa kwamba igreja maana yake ni kanisa, na hapo hapo ataongezewa kwamba wazee wa pwani walisikia vibaya, wakaiita ngome kwa jina la kanisa. Hilo silikubali hata kidogo. Watu waliofanya biashara na Wahindi, Waajemi na Waarabu kwa karne nyingi, wenye wanazuoni waliolijua vyema neno kanisa kwa Kiarabu chake, hawakushindwa kutenganisha mahali pa ibada na mahali pa mizinga. Kama neno lilibadilika maana, liliwakuta na sababu.

Hata Kilatini chenyewe kilikopa. Huko Athens, ekklesia lilikuwa baraza la raia waliokusanyika kuamua mambo ya mji wao. Wakristo wakalichukua liwe jina la mkusanyiko wao, na miongoni mwa waandishi wa mwanzo waliolitumia sana kwa Kilatini yumo Mwafrika: Tertullian wa Carthage, katika Tunisia ya leo, kati ya mwisho wa karne ya 2 na mwanzo wa karne ya 3. Lilikuwa jina la watu. Jengo lilifuata baadaye, nasi mpaka leo twasema kanisa limekataa na kanisa limeezekwa upya bila kuona shida yoyote.

Kutoka hapo lilisambaa na waumini: église kwa Wafaransa, iglesia kwa Wahispania, chiesa kwa Waitaliano, eliza kwa Wabaski. Watu wa Wales wana eglwys, Waayalandi eaglais. Waingereza ndio waliopita njia nyingine, kwani church yao inatokana na neno jingine la Kigiriki lenye maana ya kitu cha Bwana. Na niseme hapa, maana barua hutufikia: kanisa halimo katika ukoo huu. Sauti zinafanana, lakini kanisa lilitoka Kiaramu likapitia Kiarabu, na mzizi wake ni ule wa kukusanya, uliozaa pia Knesset, bunge la Israeli.

Wareno walilipakia igreja katika jahazi zao. Waliteka Goa mwaka 1510 na Melaka mwaka 1511, na kila pwani waliyotia nanga ikalitamka kwa ulimi wake. Wakonkani wa Goa husema igorz, Wabengali girja, Wahindi girjaghar, Wamalei gereja. Kwetu irabu ya mwanzo ilidondoka, g na r zikatenganishwa kwa irabu kama kawaida yetu, na ile j ya Kireno, sauti ambayo hatuna, ikawa z. Kwa umbo tumekaribiana na Wamalei kuliko na mwingine yeyote. Kwa maana, tumeachana kabisa.

Jibu jepesi ni kwamba Waswahili walikuwa Waislamu. Wamalei je? Nao walikuwa Waislamu, na gereja ikabaki mahali pa sala. Tofauti ni nani aliyebaki baada ya Mreno kushindwa. Waholanzi walipoichukua Melaka mwaka 1641, Wakatoliki hawakuondoka, na wazao wao wapo mpaka leo na Kireno chao cha mseto. Flores na Ambon kulikuwa na waumini wa hapo hapo. Goa iliendelea kuwa chini ya Wareno mpaka 1961. Kila Jumapili palikuwa na mtu wa kulitumia neno kwa maana yake.

Mwambao wetu haukuwa hivyo. Wareno walijenga ngome Kilwa mwaka 1505 na kuiacha baada ya miaka michache. Mombasa walianza Fort Jesus mwaka 1593, ndani ya kuta wakaweka kanisa, na watawa wa Mtakatifu Agostino wakawa na nyumba yao mjini. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na watawa hao hao huko Goa na kubatizwa Dom Jerónimo, alimwua kapiteni na kuiteka ngome. Wareno walirudi, wakazingirwa na Waomani tangu 1696, na Desemba 1698 ikawa mwisho, ukiondoa marejeo mafupi ya 1728 na 1729. Hapakubaki usharika. Zilibaki kuta, na ndani yake askari wa bwana mpya.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho aende Unguja, Forodhani, aingie Ngome Kongwe. Waomani waliijenga pale palipokuwa na kanisa la Wareno, na sehemu za kanisa hilo zikaingizwa katika kuta za ngome. Karne ya 19 walifungwa humo wahalifu. Siku hizi watu hukaa penye nyasi kusikiliza muziki. Kanisa, ngome, kifungo: maana zote tatu za neno moja zimepita katika kiwanja kimoja, na kwa mpangilio huo huo. Kilwa Kisiwani neno liliishia hatua ya pili. Ngome iliyopo ufukweni kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani wa mnamo 1800, na bado huitwa Gereza. Hatua ya tatu ilikamilishwa na serikali. Waingereza waliigeuza Fort Jesus kuwa jela tangu 1895 mpaka 1958, na ngome ya Lamu, ambayo Mreno hakuweka hata jiwe moja, ilifunga watu mpaka 1984.

Kwa hiyo mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na mapadri Wakatoliki Unguja mwaka 1860, gereza lilikwisha kuwa na wenyewe. Wakachukua kanisa. Bara mambo yalikwenda kinyume. Mapadri Weupe waliofika Buganda mwaka 1879 walilipanda neno la Kilatini upya, wakiwa na waumini wa kulitunza. Waganda Wakatoliki wana Eklezia, Waprotestanti wana ekkanisa, na ukimsikia mtu unajua babu yake alifundishwa na nani. Burundi husema Ekleziya. Rwanda husema Kiliziya, na hapo ndipo penye ushahidi ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu Kinyarwanda kina gereza pia, lililopanda huko pamoja na Kiswahili, kwa maana ya jela. Lugha moja inao wajukuu wawili wa ecclesia, mmoja aliyepitia Lisbon na Mombasa, mwingine aliyeletwa moja kwa moja na misale, na Mnyarwanda huwatumia wote katika sentensi moja bila kushuku kwamba ni ndugu.

Kuna neno moja linalonisumbua katika hoja hii: padri. Nalo ni la Kireno, nalo liliachwa bila usharika, lakini halikuwa mlinzi wa jela wala sajini. Jibu langu, ambalo mmoja wa waandishi wetu halikubali na amelipinga kurasa za mbele, ni kwamba padri ni mtu, na watu wa aina yake waliendelea kuonekana katika bandari za Bahari ya Hindi hata baada ya Mombasa kuanguka. Ngome haisafiri, atakayeikalia ndiye atakayeamua jina lake lina maana gani.

Ninachowaomba walimu ni kuongeza safu moja katika lile jedwali: neno lilikuja na nani, na nani alibaki akilitumia. Meza na leso zitaijaza kwa mstari mmoja. Gereza litahitaji ukurasa. Nanyi wasomaji wa Kilwa, Lamu na Pemba, ikiwa nyumbani kwenu wazee bado huita ngome gereza, au mnalo jina jingine la magofu ya Wareno, tuandikieni kabla ya toleo lijalo, mkitaja mtaa na namna linavyotamkwa.