Kivinjari Kisiulizwe Jina

Kila kivinjari kinapoomba ukurasa kutoka kwenye seva, hupeleka pamoja na ombi hilo maneno machache ya kujitambulisha: jina lake, toleo lake, na aina ya mashine kinamofanyia kazi. Kwa kuyategemea maneno hayo, waandishi wengi wa skripti wamezoea kuamua nani akaribishwe na nani arudishwe mlangoni. Desturi hiyo ni mbovu, wala haistahili kufundishwa kama ujuzi.

Ubovu wake una historia. Mwaka 1994 kampuni ya Netscape ilitoa kivinjari kilichojitambulisha kwa jina la Mozilla, na baada ya muda zikatokea tovuti zilizowapa watumiaji wake peke yao kurasa zilizo bora. Microsoft ilipoingia uwanjani na Internet Explorer, nacho kikajiita Mozilla ili kisinyimwe. Chrome, kilichotolewa mwaka 2008, hadi leo hutaja Mozilla na Safari sambamba na jina lake chenyewe. Kichekesho kikubwa zaidi kilitokea mwaka 2009: Opera ya toleo la 10 ililazimika kujitangaza kuwa 9.80, kwa sababu skripti nyingi zilisoma tarakimu ya kwanza tu na kudhani kuwa hilo ni toleo la 1.

Juu ya uongo huo wa watengenezaji huja mipangilio. Mtumiaji wa Firefox aweza kuyabadili maneno ya utambulisho apendavyo, na pengine ana haki kufanya hivyo, maana maneno hayo husaidia kumfuatilia. Kwa upande wa seva mambo si afadhali. Katika lugha ya PHP imo kazi iitwayo get_browser, ambayo haina maarifa yake yenyewe. Hutafuta majibu katika orodha ambayo mahali pake hutajwa na mpangilio wa browscap katika faili la php.ini. Mpangilio huo usipowekwa, kazi hiyo hushindwa. Orodha ikiwa imepitwa na wakati, kivinjari kipya hakitambulikani. Hivyo skripti moja, bila kubadilishwa hata herufi, hutoa majibu mawili katika seva mbili.

Tena, hata orodha iliyo sahihi husema tu kwamba kivinjari cha aina fulani kinaweza kupokea vidakuzi. Haisemi kama mwenyewe amekiruhusu kuvipokea. Ni sawa na kumwuliza mtu jina la kijiji chake ili kujua kama anaweza kuogelea.

Lililo la busara ni kupima uwezo wenyewe. Seva ipeleke kidakuzi, kisha itazame kama kitarudi pamoja na ombi linalofuata. Skripti ya JavaScript iulize kama chombo inachokihitaji kipo kabla ya kukitumia. Jina libakie kwa shughuli chache, mathalan kukwepa kasoro inayojulikana ya toleo fulani. Vinginevyo mwombaji wa nafasi ya masomo ataendelea kuambiwa kwamba kivinjari chake hakifai, ilhali kina kila kitu ambacho fomu inakihitaji.

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa simu moja ya Android. Wanafunzi na wasome utambulisho wa Chrome, kisha wachague mpangilio wa kuonyesha tovuti kama kwenye kompyuta, wausome tena. Simu ile ile, ikiwa bado mezani, itakuwa imejitangaza kuwa kompyuta ya Linux.