Lengo la Nani? Neno Juu ya Mipango ya Miaka Ijayo Mtwara na Lindi



Mwezi Julai 2025 ilizinduliwa Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050. Ndani yake yamo malengo makubwa: uchumi wa nchi ufikie thamani ya dola trilioni moja za Marekani, na pato la wastani la kila Mtanzania lifikie dola 7,000 kwa mwaka. Wilaya na vijiji navyo havina budi kuandika mipango yao chini ya Dira hiyo. Basi yatupasa kujiuliza mapema, kabla karatasi hazijajazwa: sisi wa Mtwara na Lindi twataka kuwa wapi baada ya miaka ishirini na mitano, na ni nani atakayelitamka lengo hilo?

Neno "wastani" lataka kutazamwa kwa makini. Mwenye ghala akipata shilingi milioni mia moja, na mjane jirani yake akapata laki moja, wastani wao ni zaidi kidogo ya milioni hamsini kila mmoja. Lakini mjane haendi dukani na wastani.

Mikoa yetu imewekewa malengo mara nyingi, na karibu kila mara aliyeyaweka alikuwa anakaa mbali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Shabaha yake ilikuwa mafuta ya kula kwa Waingereza, ambao baada ya Vita Kuu ya Pili walikuwa wakipewa chakula kwa mgawo. Kwa ajili hiyo ilijengwa bandari ya Mtwara, na reli ikalazwa hadi Nachingwea. Mradi ukaachwa mwaka 1951, baada ya kuteketeza zaidi ya paundi milioni 30. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Watu hulaumu mvua, udongo mgumu na matrekta mabovu, na hayo yote ni kweli. Lakini tazameni na jambo hili: lengo la wageni lilipokufa, njia ya reli haikuwa na kazi nyingine ya kutosha, kwa kuwa tangu mwanzo haikupangwa kwa kufuata mahitaji ya watu waliokaa kandokando yake. (Bandari, tukiri, ilibaki, nayo inatufaa hadi leo.)

Msije mkadhani kwamba kosa hilo ni la wakoloni peke yao. Msimu wa 1973/74 nchi yetu huru ilivuna korosho zipatazo tani 145,000, nyingi zikitoka huku Kusini. Likawekwa lengo zuri la kuzibangua hapa hapa nchini, na kwa mikopo ya nje vikajengwa viwanda zaidi ya kumi. Miaka hiyo hiyo, hata hivyo, familia nyingi zilihamishiwa vijijini na kuiacha mikorosho yao mbali, ikamezwa na pori. Bei ya mkulima ilikuwa ndogo. Ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Viwanda vikasimama na mashine zake, havina cha kubangua. Baadaye viliuzwa kwa watu binafsi, na baadhi vikageuka kuwa maghala tu. Waliopanga walihesabu mashine, wakamsahau mwenye shamba, ambaye bila yeye mashine haina kazi.

Mavuno yamerudi, shukrani kwa salfa, kwa miche bora ya watafiti wetu wa Naliendele, na zaidi sana kwa jasho la wakulima. Msimu wa 2017/18 zilivunwa zaidi ya tani 300,000. Lakini sehemu kubwa ya korosho zetu bado hupanda meli zikiwa ghafi, kwenda India na Vietnam, na pamoja na kila gunia huondoka kazi ya kubangua, kumenya na kupanga madaraja. Kazi hiyo kwa desturi hufanywa zaidi na wanawake. Si kazi laini. Mafuta ya ganda huchoma vidole. Kwa sababu hiyo mimi siridhiki nikisikia lengo likisemwa kwa neno moja, "kiwanda". Kiwanda cha nani? Mama atalipwa kiasi gani kwa kilo, naye atavaa nini mikononi? Lengo lisilojibu maswali hayo laweza kutimia huku watu wake wakibaki maskini.

Mwaka 2018 ulitufundisha mengine. Mwezi Juni, Bunge lilibadili sheria iliyokuwa ikirudisha asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ili kuendeleza zao lenyewe. Fedha hizo zikaelekezwa zote mfuko mkuu wa serikali. Mwezi Novemba, wanunuzi na wakulima waliposhindana juu ya bei, serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaagizwa kuzisomba. Bei ilikuwa ya huruma. Lakini wengi walingoja fedha zao kwa muda mrefu, na mwenye njaa hana subira: ndipo penye mlango wa kangomba, yule anunuaye kwa bakuli kabla ya msimu. Mpango wa miaka mingi hauwezi kusimama mahali ambapo kanuni za zao hubadilika katikati ya msimu.

Juu ya gesi nitasema kwa ufupi, maana majeraha bado yapo. Wale waliosema kwamba gesi ya Mtwara ni mali ya wana-Mtwara peke yao, sikubaliani nao. Rasilimali ya taifa ni ya wote. Lakini machafuko ya Januari na Mei 2013, ambamo watu walipoteza maisha, hayakuzuka kwa chuki tupu. Watu walikuwa wametumaini viwanda, kisha wakasikia habari za bomba la kwenda Dar es Salaam. Bomba lilikamilika mwaka 2015. Kuzungumza nao kwanza kungegharimu nini?

Mafundisho ya jamii ya Kanisa yanayo kanuni ya auni, aliyoifafanua Papa Pio XI mwaka 1931: jambo ambalo jumuiya ndogo yaweza kulifanya, kubwa isiipokonye, bali iisaidie. Sheria ya nchi yetu nayo inautambua mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Tatizo ni kwamba twaenda kusikiliza matangazo ya michango, kisha twarudi nyumbani.

Wapo wasemao kwamba mwanakijiji hawezi kuona mbali. Miaka ishirini na mitano ni kazi ya wataalamu. La hasha. Mkorosho hukaa miaka kadhaa kabla haujazaa vizuri, kisha huzaa kwa miongo. Anayeupanda leo amekwisha kumpangia mjukuu wake. Wataalamu tunawahitaji sana, wapime udongo na kupiga hesabu. Lakini kusema ni maisha gani tunayoyataka si utaalamu.

Hivyo naziomba kamati za Haki na Amani za vigango, kabla ya mkutano ujao wa kijiji, ziketi pamoja na majirani zetu Waislamu, maana korosho haina dini, na kuandika malengo machache yanayohesabika: kati ya kila magunia kumi, mangapi yabanguliwe wilayani mwetu ifikapo 2035, mkulima alipwe ndani ya siku ngapi baada ya mnada, binti wangapi wa kijiji hiki wamalize kidato cha nne. Kando ya kila lengo liandikwe jina la ofisi itakayoulizwa.

Na liko swali moja la haraka. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay imo katika mipango kwa miaka mingi, na huzungumzwa zaidi kwa ajili ya chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma. Siipingi. Ila kabla haijalazwa, mkulima wa Masasi na Nachingwea aulizwe yeye atapakia nini, kituo gani, na kwa nauli ipi.