RIMOTI YA TRENI YAMTOA JASHO MZEE: Tatizo ni Teknolojia au ni Mikono?

Staa akishika hela, wadau wamezoea kusikia habari za magari, mjengo wa ufukweni na saa ya mkononi yenye bei ya kiwanja. Sasa kuna hawa wawili ambao hela zao, na muda wao, viliishia kwenye treni. Si treni ya kupanda. Ni treni ndogo, kichwa chake kinaingia kiganjani, reli zimepangwa juu ya meza kuzunguka chumba, na milima, na stesheni, na vijitu vidogo vimesimama vinasubiri safari ambayo havitaipanda milele.

Wa kwanza ni mwimbaji wa Uingereza mwenye sauti ya mikwaruzo na nywele zilizosimama kama za jogoo. Mwaka 2019 jarida moja la treni ndogo la huko kwao lilitoa picha za kitu alichokuwa anakijenga kwenye nyumba yake ya Los Angeles: mji mzima wa Marekani ya miaka ya 1940, maghorofa, viwanda, madaraja, barabara zimechafuka masizi kama kweli. Miaka 23 ya kazi. Akienda ziara ya muziki alikuwa anaomba chumba cha ziada hotelini ili aendelee kutengeneza majengo yake. Mtangazaji mmoja wa redio alipodokeza kwamba pengine kazi yenyewe ilifanywa na mafundi, jamaa akapiga simu studio kujitetea: asilimia 90 kaijenga mwenyewe. Ila akakiri kitu kimoja. Mambo ya umeme hayawezi, hayo kampa mtu mwingine.

Hapo kwenye umeme ndipo penye kesi ya leo.

Kwa ambaye hajawahi kuziona, mfumo wa zamani unafanya kazi kama regulata ya feni ya ukutani. Umeme unapita kwenye reli zenyewe, kuanzia volti 0 mpaka kama 12 hivi. Ukizungusha kidogo treni inatambaa, ukizungusha sana inakimbia, ukigeuza swichi ya pembeni inarudi nyuma. Raha yake ni urahisi. Ubaya wake ni kwamba umeme haujui treni ipi ni ipi: weka vichwa viwili kwenye reli moja, vyote viwili vinaondoka. Ndiyo maana wazee waliikata reli vipande vipande, kila kipande na waya wake na swichi yake, na treni ikihama kipande mtu anahamisha swichi. Meza kubwa inaweza kuwa na swichi kibao zimejipanga kama chumba cha rubani.

Mfumo wa kidijitali umegeuza hesabu yote. Reli ina umeme muda wote. Ndani ya kila kichwa kuna chipu yenye namba yake, kama laini ya simu. Rimoti inatuma ujumbe kupitia reli hizohizo: namba 45, washa taa, ondoka taratibu. Chipu ya 45 inasikia, zingine zinauchuna. Treni mbili zinaweza kufuatana, kusogeleana, hata kugongana uso kwa uso kwenye kipande kimoja cha reli, ajali ambayo mfumo wa zamani ulikuwa haukuruhusu hata ukiitaka. Juu ya hapo kuna sauti: honi, mvuke, breki inavyolia ikiingia stesheni.

Sasa nenda kwenye klabu za treni ndogo za Uingereza, zile zinazokutana kwenye kumbi za makanisa na za vijiji, utamkuta mzee wa aina moja. Miaka sabini na ushee. Vichwa vya treni 60 kabatini, kila kimoja kwenye boksi lake. Meza yenyewe iko darini nyumbani kwake, kaijenga kabla mwanawe hajaoa. Mjukuu anakuja likizo, anaangalia zile swichi, anasema, "Babu, hamia dijitali bwana, mbona rahisi." Babu anajibu kwamba kuendesha kwa rimoti si kuendesha, ni uvivu, ni mambo ya watoto wasiojua kushika waya.

Na vijana nao hawana adabu. Kwao mzee ni kituko, ni mtu aliyeganda. Wanamwonyesha video za treni inayopiga honi kwa kubonyeza simu, wanacheka, wanaondoka.

Wote wawili wamekosea, ila tuanze na kumtendea mzee haki, maana hoja zake si za kijinga hata kidogo. Piga hesabu. Chipu ya kawaida huko Uingereza inaanzia kama pauni 20 na kitu. Sema 25. Mara vichwa 60, hiyo ni pauni 1,500, na hapo hujanunua rimoti, wala hujagusa chipu za sauti ambazo moja tu inaweza kuvuka pauni 100. Ni pensheni ya mtu hiyo! Halafu vichwa vya zamani havikutengenezwa vipokee chipu. Inabidi mota itenganishwe na bodi ya chuma, nyaya nyembamba kama uzi zilehemiwe, chipu itafutiwe nafasi mahali ambapo hakuna nafasi. Ukiweka kichwa kisicho na chipu kwenye reli ya kidijitali kinaunguruma kama nyuki kwenye chupa, na ukikiacha hapo mota inaweza kuungua.

Kuna vichekesho pia. Vichwa vipya vingi vinatoka kiwandani vikiwa na namba ileile, 3. Mgeni wa dijitali ananunua viwili kwa shauku, anaviweka relini, anaita namba 3, vyote viwili vinaondoka. Mzee akiona hivyo anakunja mikono kifuani: si ndo kulekule tulikotoka?

Tena wapo wanaokumbuka mwaka 1979. Hornby, jina kubwa la treni ndogo Uingereza, walitoa mfumo wao wa kwanza wa kidijitali, wenye uwezo wa kuongoza treni 16. Watu wakanunua. Haukudumu. Ulipoachwa, waliobaki nao wakabaki nao, kwa sababu haukuelewana na vitu vya kampuni zingine. Aliyeungua na uji hupuliza mtindi, usimlaumu. Kilichobadilika ni kwamba miaka ya 1990 chama cha Marekani cha wapenzi wa treni ndogo kilichukua kazi iliyofanywa Ujerumani kikaifanya kuwa kanuni ya wote, ili chipu ya huyu ifanye kazi na rimoti ya yule. Hilo jipya mzee hajaambiwa na mtu. Kachekwa tu.

Lakini tuache utani, pesa na mwaka 1979 ni sababu za mezani. Kuna sababu nyingine ambayo mzee hawezi kuisema klabuni mbele ya wenzake. Mikono. Vidole vimevimba kwenye viungo, au vinatetemeka, au upande mmoja haukurudi sawa baada ya kiharusi. Mtu aliyekuwa analehemu waya kwa jicho moja sasa hivi hata kufunga kifungo cha shati ni shughuli. Ukimwambia abadilishe vichwa 60 unamwambia afanye kwa mikono yake kitu ambacho anajua haiwezi tena. Rahisi kwake kusema dijitali ni upuuzi kuliko kusema siwezi.

Hapa ndipo anapoingia yule staa wa pili.

Huyu ni mzaliwa wa Kanada, mtu wa gitaa, mkongwe wa rock aliyeng'ara Marekani tangu miaka ya 1960. Mwanawe alizaliwa na mtindio wa ubongo. Haongei, na mwili wake haumtii. Mwaka 1982 baba mtu akatoa albamu ya ajabu, sauti yake imepitishwa kwenye mashine mpaka maneno hayashikiki vizuri. Mashabiki wakaduwaa. Mwaka 1983 kampuni yake ya kurekodi ikampeleka mahakamani ikidai zaidi ya dola milioni 3, hoja ikiwa anatoa muziki usiofanana naye. Baadaye sana akaeleza kwamba albamu ile ilihusu jinsi alivyokuwa anahangaika kuwasiliana na mtoto asiyeongea. Haya, nani alikuwa anajua?

Nyimbo hazikutosha, wakaingia kwenye treni. Baba na mwana wakajenga reli kwenye banda la shamba lao huko California. Shida ni ileile: regulata ndogo na swichi ndogo ni za mtu mwenye vidole vinavyomsikiliza. Baba akatafuta mafundi, mtoto akatengenezewa kitufe kikubwa anachoweza kukifikia, akibonyeza treni inatii. Kutoka hapo mambo yakakua. Miaka ya 1990 staa huyo alikuwa anasimamia utengenezaji wa mfumo wa rimoti na sauti za treni, na akawa mmoja wa wamiliki wa Lionel, kampuni ya Marekani ya treni za kuchezea iliyoanzishwa mwaka 1900. Mfumo wake si uleule wa kwenye klabu za Uingereza, kila upande una lugha yake ya umeme, lakini wazo ni moja: amri imfuate kichwa cha treni, isikae kwenye waya wa ukutani. Na rimoti yao ya mkononi ilikuwa na kitu kimoja usichoweza kukikosa hata gizani, kitufe kikubwa chekundu cha kuzungusha.

Kwa hiyo mzee anayesema rimoti ni ya wavivu anatukana bila kujua. Moja ya rimoti zilizobadilisha mchezo huu ilitoka kwenye banda ambalo mtoto alitaka kucheza na mikono ikakataa. Leo mikono inayokataa ni ya mzee mwenyewe. Na ile hoja ya kwamba si kuendesha, hakuna mtu aliyewahi kumwambia dereva wa treni ya umeme ya Dar kwenda Dodoma kwamba si dereva kwa sababu hashiki koleo la makaa.

Wanaostahili lawama zaidi, tena bila kuwapaka mafuta, ni watengenezaji wa sasa wanaotaka kila kitu kiingie kwenye simu. Bluetooth, waifai, programu ya kupakua, neno la siri. Wamesahau kabisa kitufe chekundu. Kidole cha mzee ni kikavu, kioo cha simu hakikisikii. Kinachotetemeka kinagusa mara tatu kitu ambacho kilitakiwa kuguswa mara moja, treni inaruka kama imeumwa na siafu. Na kubwa kuliko yote, kioo hakina umbo. Ukitaka kupunguza mwendo inabidi uangalie simu, na ukiangalia simu huangalii treni, sasa ulipanda darini kufanya nini? Kitufe cha kuzungusha mtu anakishika macho yakiwa kwenye reli. Rimoti za kidijitali zenye kitufe hicho zipo, zimekuwepo miaka yote, ila hazina mvuto wa matangazo.

Mjukuu kama kweli anampenda babu, asianze na vichwa 60. Aanze na kimoja, kipya, chenye chipu tayari kutoka dukani, cha ile treni ambayo babu alikuwa anaisimamia stesheni akiwa mtoto. Anunue na rimoti yenye kitufe kikubwa. Swichi za zamani zisiguswe, zibaki ukutani. Awekwe tu mkataji mmoja mkubwa unaochagua mfumo mmoja kwa wakati, wa zamani au mpya, visiwashwe vyote pamoja. Hivyo vichwa 60 vya zamani vitakimbia vilevile kama jana, chipu moja moja ikiingia Krismasi hadi Krismasi, nyingine wala zisiingie. Kulehemu afanye kijana, mzee akae na miwani yake amwelekeze. Hapo hata heshima haijashuka, fundi mkuu bado ni yeye.

Maana upande wa pili wa hadithi hii wenye klabu wanaujua na hawapendi kuusimulia. Mzee akifariki, ile meza ya darini haipiti kwenye ngazi. Inakatwa kwa msumeno. Vichwa vinaenda mnadani kwenye maboksi yake, swichi na nyaya zinaenda dampo, kwa sababu aliyekuwa anajua swichi ya saba kutoka kushoto inawasha reli gani alikuwa mtu mmoja tu. Watoto si kwamba hawakumpenda baba yao. Walipanda darini, wakawasha umeme, hawakujua pa kugusa.

Na dijitali haiponyi hilo kama namba zote zimekaa kichwani mwa mzee. Linunuliwe daftari la kawaida, kurasa za mistari. Babu aseme, mjukuu aandike: 45 ni ile nyeusi ya mizigo. 12 ni ya abiria, taratibu kwenye kona ya dirishani. 3 bado haijapewa jina.

Wadau, kwenu kuna mzee wa namna hii, hata kama si wa treni? Mmemcheka au mmemshikia waya? Uwanja ni wenu hapo chini.