BARABARA HII NI YA NANI?

Muhula uliopita, wakati wa mvua za masika, wenzetu kadha wa Kidato cha Kwanza walikosa masomo siku mbili kwa sababu korongo lililo kati ya kwao na shule lilijaa maji. Hawakuwa wavivu, wala wazazi wao hawakuwazuia kwa kazi za shamba. Hapakuwa na kalavati, na mama mwenye akili hamruhusu mtoto wake kuvuka maji yanayobeba mawe. Nilipofika pale niliwaamkia wazee watatu waliokuwa wakiyatazama maji, kisha nikawauliza, "Barabara hii ni ya nani?" Wa kwanza alisema ni ya mtaa, wa pili akasema ni ya halmashauri, na wa tatu akasema ni ya Serikali. Wote watatu ni watu wazima walipao kodi, na kila mmoja alijibu kwa hakika. Basi nimeona yafaa niandike maneno machache juu ya shauri hili, maana ni vigumu kudai haki yako kwa mtu usiyemjua.

Kwanza tutazame mambo yalivyo. Katika Tanzania Bara, barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara za wilaya, pamoja na zile za mitaani na vijijini, zilikuwa mikononi mwa halmashauri mpaka 2017, ndipo zikakabidhiwa TARURA, iliyo chini ya TAMISEMI. Tusidanganywe na jina "barabara za mkoa." Sisi tumekuwa na Mkoa wa Manyara tangu 2002, na Babati ndiyo makao yake makuu, lakini mkoa hautozi kodi yake wenyewe. Mkoa ni mkono wa Serikali Kuu.

Fedha za kutengeneza barabara hutoka zaidi katika Mfuko wa Barabara, nao hujazwa na tozo ya kila lita ya petroli na dizeli. Kwa hiyo kijana wa bodaboda anayetia lita moja hapa mjini amekwisha kuchangia, hata kama hajui. Kwa miaka mingi desturi ilikuwa sehemu 70 katika 100 kwenda kwenye barabara kuu na za mkoa, na sehemu 30 kwenye barabara za halmashauri. Mwaka 2021 ziliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA, maana fungu la barabara ndogo lilionekana halitoshi.

Labda mtu ataniuliza, "Kwa nini basi Babati isiachiwe fedha zake zote ijijengee yenyewe?" Mimi sikubaliani na shauri hilo. Mji wetu ni njia panda ya Arusha, Singida na Dodoma. Barabara ya lami ya kutoka Dodoma mpaka hapa, kilomita 251, ilifunguliwa Aprili 2018, nayo ilijengwa kwa fedha za Serikali pamoja na mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Japani. Hakuna halmashauri ambayo ingeweza kuubeba mzigo ule. Tena barabara ile si ya watu wa Bonga na Singe peke yao. Malori ya nchi nzima hupita juu yake. Hali kadhalika, tarehe 3 Desemba 2023, tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya Katesh, wilaya ile isingaliweza kujiokoa peke yake. Kazi kubwa zataka mfuko mkubwa, na wilaya yenye mapato madogo yahitaji kusaidiwa na wenzake.

Lakini korongo la mtaani si kazi kubwa. Aliye mbali halioni, na aliye karibu mfuko hauko mkononi mwake. Diwani ndiye anayeulizwa na wananchi sokoni na msikitini na kanisani, naye hujibu kwamba ameandika barua. Hata kodi ya majengo, ambayo zamani ilikusanywa na halmashauri, mwaka 2021 ilianza kukatwa katika umeme wa LUKU. Tusisahau pia historia yetu. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, kisha ikaonekana hazikosekani, zikatungiwa sheria mwaka 1982 na kurudi kazini mwaka 1984. Jirani zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya 2010, waliandika kwamba kaunti zote 47 kwa jumla zisipate chini ya sehemu 15 katika 100 za mapato ya taifa. Ugomvi juu ya kiasi haujaisha kule, lakini angalau kila kaunti yajua pa kuanzia hesabu.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yangetufaa. La kwanza, anayepewa kazi apewe na fedha za kazi hiyo, tena zifike kabla ya mvua, si baada yake. La pili, mgawo usitazame urefu wa barabara tu, bali pia idadi ya watu, makorongo, na mazao yanayopita. La tatu, kila barabara iwe na kibao kinachosema ni ya nani, na mapato na matumizi yake yasomwe katika mkutano wa mtaa.

Wengine watasema kwamba fedha zikishuka chini zitaliwa. Kuliwa zaweza kuliwa juu na chini. Ndiyo sababu Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua pande zote mbili. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Dawa yake ni daftari lililo wazi, ambalo mzazi yeyote aweza kulisoma.

Nasi tusikae tukilaumu tu. Njia ambayo haikuandikwa katika orodha ya barabara haina fungu, hata ikipitwa na watoto mia kila asubuhi. Nawaomba wazazi wetu, katika mkutano ujao wa mtaa, waulize swali moja: njia ile ya korongoni imeandikwa, au haikuandikwa? Kama haikuandikwa, waombe iandikwe. Kama imeandikwa, waulize fungu lake ni kiasi gani na litakuja lini. Mawe na mchanga wazazi wamekwisha kukusanya, navyo viko kando ya korongo mpaka leo. Mvua hazitangoja.