Je, Mashine ya Supu Inastahili Akiba ya Kikundi?



Juma lililopita nilialikwa katika kikao cha kikundi cha akiba na mikopo huko Nakivale, nikawakuta wanachama ishirini na wawili wakibishana juu ya chombo cha jikoni. Mchuuzi mmoja alikuwa amewaletea kutoka Mbarara mashine ya kutengeneza supu: jagi refu la chuma, kifuniko chenye mota na visu, na vitufe vinne vinavyowaka taa. Aliwaahidi kwamba wakinunua mashine tatu atawapunguzia bei, nao watazitumia kuuza supu sokoni. Mama mmoja alimwuliza, "Je, inapika maharage?" Mchuuzi akajibu bila kusita, "Inapika kila kitu, mama, tena kwa dakika ishirini na tano."

Jumapili ijayo wanachama watapiga kura kuamua kama fedha za mfuko wa pamoja zitolewe. Waliniomba niwasomee kijitabu cha maelekezo, kwa kuwa hakikuandikwa kwa Kiswahili. Nimekisoma mara mbili. Msimamo wangu ni huu: mashine hii si mbaya, lakini haistahili akiba ya kikundi hiki. Nakueleza wewe mwanafunzi sababu zangu, kwa maana siku moja nawe utasimama mbele ya mchuuzi wa namna hiyo, na lugha ndiyo itakayokuokoa au kukuponza.

Basi tuanze na lugha. Neno "supu" lina mitego. Katika Kiswahili cha pwani na cha Tanzania, supu ni maji mazito yaliyochemshiwa nyama, mifupa, kwato au utumbo, yanayonywewa asubuhi pamoja na chapati. Kinachomwagiwa wali au kulowekewa ugali ni mchuzi. Hapa Uganda watu wengi huita supu mchuzi wowote unaoliwa na posho au matoke, hata ule wa maharage au wa karanga. Mashine ya mchuuzi haitengenezi supu ya namna hizo mbili. Supu yake ni mboga laini zilizochemshwa kisha zikasagwa, kama karoti, boga na viazi. Kwa macho yetu inakaribia uji. Ni chakula kizuri, na Uingereza kinapendwa sana wakati wa baridi. Lakini mtu akikuuzia "supu", mwulize kwanza ni supu ipi.

Kijitabu kinaeleza wazi jinsi chombo kinavyofanya kazi. Chini ya jagi kuna kipasha joto cha wati 1000, na kwenye kifuniko kuna visu vinavyozungushwa na mota. Unakata mboga vipande vidogo, unatia maji mpaka kwenye alama, unafunga, unabonyeza. Mashine huchemsha, husaga, kisha hulia kukujulisha kwamba imemaliza. Mifupa haitiwi humo, kwa sababu itavunja visu. Nyama mbichi haitiwi. Kifuniko hakitumbukizwi majini kwa sababu ndani yake mna umeme. Na ujazo wake ni lita 1.6. Familia ya watu wanane itapata kikombe kidogo kimoja kwa kila mtu, yaani mililita 200, na mpishi atalazimika kuanza upya ikiwa yupo atakayeomba nyongeza.

Sasa turudi kwenye swali la yule mama kuhusu maharage, maana ndilo swali lililobeba uzito wote. Maharage makavu ni tegemeo la vyungu vingi vya Nakivale. Hayalainiki kwa dakika ishirini na tano. Pia tunaishi katika nyanda za juu: mji wa Mbarara uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi, si 100. Ndiyo maana maharage ya huku hukawia kuiva kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Lipo na jambo la hatari zaidi. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili ambayo huharibiwa kwa kuchemshwa sana, angalau dakika kumi za mchemko wa nguvu baada ya kulowekwa. Yakipashwa moto bila kuiva, huleta kutapika na kuhara. Mashine itakayoyasaga maharage nusu mabichi itayafanya yaonekane laini, na mlaji hatakuwa na njia ya kujua kwamba hayajaiva. Kwa hiyo "inapika kila kitu" lilikuwa neno la uongo, na ni uongo unaoweza kumlaza mtoto kitandani.

Baada ya chakula, umeme. Wengi wa wakaazi wa Nakivale wanategemea paneli ndogo za sola. Paneli ya wati 50 huwasha taa na kuchaji simu. Haiwezi kuendesha kipasha joto cha wati 1000. Mwanachama asiye na umeme wa kutosha akinunua mashine hii, amenunua jagi la gharama kubwa. Kwa aliye na umeme wa gridi hesabu si mbaya: wati 1000 kwa dakika 25 hazizidi uniti 0.42. Hilo nakiri.

Hapa pana somo la uraia. Mwaka 2022 Uganda ilianza kutumia bei nafuu ya umeme wa kupikia, ili watu waache kuni na mkaa. Lakini ilivyopangwa, nafuu hiyo ilianzia kwenye uniti ya 81 ya mwezi na kuishia kwenye ya 150. Uniti 15 za kwanza zilikuwa na bei ya chini ya msingi. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 ilikuwa bei kamili. Fikiri mwenyewe: mjane wa Mbarara anayetumia uniti 40 kwa mwezi hakuifikia kamwe bei ya kupikia. Sera iliyotungwa kwa nia njema ikawafaa zaidi wenye matumizi makubwa. Raia anayejua kusoma mpangilio wa bei anaweza kuuliza swali hili mbele ya mbunge wake. Asiyejua atalalamika tu kwamba umeme ni ghali.

Je, nini kinunuliwe badala yake? Kwa Nakivale, napendekeza sufuria ya presha isiyo ya umeme, inayokaa juu ya jiko la mkaa au la kuni. Sufuria hiyo huzuia mvuke usitoke, mgandamizo ukapanda, na maji yakafika joto la kupita nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Hapo kimo cha nchi hakitutawali tena: maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa muda ulio sehemu ndogo ya ule wa sufuria ya kawaida, na kuni hupungua kwa kiasi hicho hicho. Wazo hili si geni; Mfaransa Denis Papin alilionyesha mjini London mwaka 1679. Masharti yake ni machache lakini hayana mzaha: usijaze maharage na maji kupita nusu, safisha vali kila mara, na usifungue kifuniko kabla mvuke haujaisha. Hata mifupa na kwato huingia humo, nayo supu halisi ikapatikana.

Asiye na fedha za sufuria hiyo asikate tamaa. Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa nusu saa ya mchemko wa nguvu, funika, kisha weka sufuria ndani ya kikapu kilichojazwa mablanketi makuukuu au majani makavu ya mgomba, na uzibe juu. Joto lililomo litaendelea kupika kwa saa kadhaa bila moto. Kabla ya kula, rudisha sufuria motoni ichemke tena. Wanaotafuta kuni ni wanawake na wasichana kwa sehemu kubwa, na kila mzigo uliookolewa ni safari moja iliyopungua, na pengine ugomvi mmoja na wenyeji wa vijiji jirani ulioepukwa.

Kwa mkaazi wa Mbarara mwenye umeme wa uhakika, jibu langu ni laini kidogo. Ikiwa nyumbani kwako mnakula mboga za kusagwa mara tatu au nne kwa juma, mashine itakupunguzia kazi. Kama sivyo, itakaa kabatini baada ya mwezi mmoja. Sufuria ya presha ya umeme itakufaa zaidi kwa kila shilingi utakayotoa.

Sitaki kuficha hoja ya upande wa pili, kwa sababu ilinigusa. Katika kikao kile dada mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, mama yangu hawezi kutafuna tena. Kila siku namsagia chakula kwenye kinu, kisha nachuja. Mikono imechoka." Watu walinyamaza. Hoja yake si anasa, na hesabu zangu za wati hazimpunguzii kazi. Lakini haja yake ni ya nyumba moja, nayo ilikuwa imetumiwa kama pazia la kuuza mashine tatu za biashara. Kikundi kinaweza kumkopesha dada huyo anunue kisagio kidogo cha mkono, kwa masharti mepesi, bila kuhatarisha mfuko wa wote. Nami nitafurahi wakianza na ajenda hiyo kabla ya ile ya mchuuzi.

Kwa maana mfuko huo si fedha za ziada. Tangu Julai 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limegawa msaada wake nchini Uganda kwa kupima mahitaji ya kila kaya. Nyingi zilipunguziwa, na baadhi ziliondolewa kabisa. Akiba inayowekwa chini ya mti kila Jumapili ndiyo inayolipa dawa na karo pale posho inapopungua.

Mwisho, fahamu haki zako. Uganda ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017. Mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka bidhaa ifanye, akategemea ujuzi wake, sheria inataka bidhaa iifae kazi hiyo. Swali la yule mama kuhusu maharage, kwa hiyo, lilikuwa na uzito wa kisheria. Lilikosa maandishi tu. Dai risiti, dai dhamana iliyoandikwa, tafuta alama ya Shirika la Viwango la Uganda kwenye bidhaa. Mkimbizi naye ni mnunuzi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamtambulia haki ya kutembea na kufanya kazi nchini, na shilingi yake dukani Mbarara ina thamani sawa na ya mwenyeji.

Wanakikundi, Jumapili mpigieni kura ya hapana mchuuzi, na ya ndiyo dada yetu.

Msamiati

Mchuuzi: mtu anayeuza bidhaa ndogondogo, aghalabu kwa kuzitembeza.
Kuponza: kumtia mtu katika hatari au matatizo.
Mgandamizo: nguvu ya hewa au mvuke unaosukuma kutoka ndani.
Dhamana: ahadi ya muuzaji kutengeneza au kubadilisha bidhaa ikiharibika.
Kisagio: chombo cha kusagia chakula.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya supu, mchuzi na uji kama unavyosemwa kwenu.
2. Je, bei nafuu ya umeme ianzie kwenye uniti ngapi ili imfae mtu wa kipato cha chini? Toa sababu.
3. Andika maswali manne ambayo ungemwuliza mchuuzi kabla ya kulipa. Tumia sentensi kamili.
4. Kikundi kikiwa na mahitaji ya wengi na haja ya mtu mmoja, kifanye nini? Jadilini wawili wawili.