Nani Huhesabiwa Saa Nane Mchana?

Tarehe 22 Novemba 1963, saa sita na dakika 40 mchana kwa saa za Texas, watazamaji wa CBS kote Marekani walikuwa wakifuatilia As the World Turns, tamthilia iliyoongoza tamthilia zote za mchana kwa miaka hiyo. Ghafla picha ikatoweka, ikaingia sauti ya Walter Cronkite: risasi zimefyatuliwa kwenye msafara wa Rais Kennedy katikati ya jiji la Dallas. Kamera ya chumba cha habari haikuwa tayari, kwa hiyo watu walisikia sauti tu. Studioni New York waigizaji, waliokuwa hewani moja kwa moja, waliendelea na mazungumzo yao bila kujua kilichotokea. Mamilioni ya Wamarekani walipata habari kubwa kuliko zote za kizazi chao wakiwa wamekaa mbele ya tamthilia.

Hadhira hiyo haipo tena. Guiding Light, iliyoanza redioni mwaka 1937, ilizimwa Septemba 2009. As the World Turns ikafuata Septemba 2010, All My Children Septemba 2011, One Life to Live Januari 2012. Mwaka 2022 Days of Our Lives iliondolewa NBC baada ya karibu miaka 57, ikahamishiwa kwenye huduma ya mtandaoni ya Peacock. Maelezo yanayotolewa kila mara ni kwamba hadithi zilichuja: ndoa nyingi mno, waliofufuka wengi mno, pacha mwovu aliyerudi mara ya tatu. Jarida hili halikubaliani na maelezo hayo. Ukiichunguza historia ya tamthilia za mchana kwa kuanzia Houston na Dallas–Fort Worth, utaona kwamba viwango vya utazamaji vimepanda na kushuka kwa sababu ya saa, chaneli na namna ya kuhesabu, na mara nyingi sababu hizo zimemshinda nguvu mwandishi wa hadithi.

Kwanza, namba yenyewe. Kampuni ya Nielsen hutoa takwimu mbili ambazo watu huzichanganya. Kiwango ni kaya zinazotazama kipindi kama asilimia ya kaya zote zenye televisheni, iwe imewashwa au imezimwa. Mgawo ni kaya hizohizo kama asilimia ya zile zilizowasha wakati huo. Tarehe 21 Novemba 1980, tamthilia ya usiku ya Dallas, ambayo shamba lake la Southfork liko Parker, kaskazini mwa jiji la Dallas, ilipofichua nani alimpiga risasi mhusika wake J.R., ilipata kiwango cha 53.3 na mgawo wa 76. Usiku ule zaidi ya nusu ya kaya za Marekani zilikuwa pale. Mchana mambo ni tofauti kabisa, kwa kuwa televisheni nyingi zimezimwa na wenyewe wako kazini. Tamthilia inaweza kuwa na mgawo mzuri na bado ikaonekana maskini wa kiwango, na hilo si kosa la mtu yeyote aliyeiandika.

Houston ina kisa chake ambacho wengi wamekisahau. Agosti 1980, NBC ilianzisha tamthilia ya mchana iliyoitwa Texas, yenye matajiri wa mafuta wa Houston. Ilichipuka kutoka Another World, na mhusika wake mkuu, Iris, aliyeigizwa na Beverlee McKinsey, alihama kutoka huko. NBC ilikuwa na matumaini makubwa. Usiku CBS ilikuwa ikivuna kutokana na Dallas, na hamu ya watu ya kuona Texas yenye mafuta na mashamba ilikuwa dhahiri. Kisha wakaiweka saa nane mchana kwa saa za Houston, ana kwa ana na General Hospital ya ABC.

Hakukuwa na saa mbaya kuliko hiyo katika ratiba nzima ya Marekani. Hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya Luke na Laura, wapenzi wa General Hospital, ambao harusi yao ya Novemba 1981 ilitazamwa na watu wapatao milioni 30. Upande wa pili CBS ilikuwa na Guiding Light. Texas ikabanwa katikati. Mwaka 1982 ikahamishiwa asubuhi, ikakutana na The Price Is Right, kipindi cha zawadi ambacho nacho hakikuwa kikiguswa. Tarehe 31 Desemba 1982 ikafa. Lakini wawili waliokuwa wakiiongoza mwishoni, mwandishi Pam Long na mtayarishaji Gail Kobe, walihamia Guiding Light, na mwaka 1984 tamthilia hiyo iliipiku General Hospital kwa wiki chache, saa ileile iliyoiangusha Texas. Ni kweli kwamba kufikia hapo Luke na Laura walikuwa wameondoka. Hata hivyo kalamu ilikuwa moja. Kilichobadilika ni kwamba safari hii iliandikia hadhira ambayo mama alimrithisha bintiye tangu enzi za redio.

Kosa la kuipanga tamthilia mpya dhidi ya kigogo lilirudiwa. Mwaka 1989 NBC ilileta Generations, ya kwanza kuiweka familia ya Kiafrika-Kimarekani katika kiini cha hadithi tangu siku ya kwanza. Ikapangwa kushindana na The Young and the Restless, tamthilia ambayo Wamarekani Weusi waliipenda kupita kiasi. Januari 1991 ikaondolewa. Wapo waliohitimisha kwamba watazamaji Weusi hawahitaji tamthilia yao. Hitimisho hilo lilikuwa la kidhalimu: familia zilitakiwa kuchagua kati ya mgeni na watu waliokwisha kuwajua kwa miaka.

Dallas–Fort Worth nayo ilipata pigo lake, safari hii la chaneli. Tangu 1949, kituo cha chaneli ya 4 kilikuwa cha CBS. Julai 1995, katika wimbi la vituo vingi nchini kuhamia Fox, kituo hicho, KDFW, kilihama, na tamthilia za CBS zikapelekwa KTVT, chaneli ya 11, iliyokuwa kituo huru. Bibi wa Oak Cliff au Arlington, aliyekuwa akibonyeza 4 bila kutazama rimoti, ilibidi atafute wenyeji wake upya. Ikumbukwe kwamba kipindi hichohicho kesi ya mauaji iliyomkabili O.J. Simpson, iliyomalizika tarehe 3 Oktoba 1995, ilikuwa ikikatiza tamthilia nchi nzima, siku baada ya siku. Anayefuatilia hadithi ya kila siku akikosa wiki mbili, uzi humponyoka. Wengi hawakurudi.

Chini ya hayo yote kulikuwa na badiliko la polepole ambalo hakuna kituo kingeweza kulizuia. Mwaka 1950, mwanamke mmoja kati ya watatu wenye umri wa kufanya kazi Marekani alikuwa katika soko la ajira. Mwaka 1999 walikuwa sita kati ya kumi. Miongoni mwa waliojiunga na soko hilo Texas ni Wakenya, Watanzania na Wakongo wanaofanya zamu katika nyumba za kutunzia wazee, kuanzia Houston hadi Fort Worth. Hapa pana jambo linalostahili hasira. Mzee anayelelewa kwenye kituo, ambaye The Young and the Restless ndiyo saa yake ya ukutani, hayumo katika sampuli ya kaya za Nielsen, kwa sababu kituo si kaya. Mhudumu anayemlisha huku akiitazama naye kwa miaka mingi alihesabiwa kana kwamba hakuona kitu. Hata wazee walio majumbani, ambao wamo, thamani yao kwa watangazaji wa biashara ni ndogo: kwa miongo mingi bei ya tangazo la mchana imepangwa kwa kuangalia wanawake wa miaka 18 hadi 49. Mtazamaji mwaminifu anatoka katika hesabu hiyo siku anapotimiza miaka 50, bila kukosa kipindi hata kimoja.

Namna ya kuhesabu ina siasa yake. Kwa miaka mingi vituo vya miji vilitegemea shajara za karatasi, ambamo watu waliandika walichotazama, au walichokumbuka kutazama. Nielsen ilipoanza kuleta mita za watu binafsi mijini, mwaka 2004 ulizuka muungano wa upinzani uliodai kwamba mita hizo zinawapunguza Weusi na Walatino. Muungano huo ulikuwa na msaada wa News Corp, wamiliki wa Fox wenye maslahi yao, lakini swali lilikuwa halali. Houston na Dallas zinalijua vizuri, kwa kuwa wakazi wapatao wanne kati ya kumi wa kila jiji ni wenye asili ya Kilatino. Telenovela za mtandao wa Kihispania wa Univision zilikuwa na vituo vyake, KXLN Houston na KUVN Dallas, na mashabiki wake. Hata hivyo, hadi 2007 mitandao ya Kihispania ilipimwa kitaifa kwa sampuli ya pembeni, mbali na CBS na ABC. Kusema miaka hiyo kwamba tamthilia imekufa kulimaanisha tu kwamba tamthilia ya Kiingereza ilikuwa inapungukiwa watazamaji.

Februari 2025 CBS ilizindua Beyond the Gates, tamthilia mpya ya kwanza ya mchana kwenye mitandao mikubwa tangu Passions ya 1999, yenye familia tajiri ya Weusi karibu na Washington na ushiriki wa NAACP, shirika la kutetea haki za Weusi. Safari hii iliwekwa kwenye mtandao uleule wa The Young and the Restless, si dhidi yake. Ilichukua miaka 34 tangu Generations izimwe kujifunza hilo.

Haya yanahusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Maria ya Citizen TV na Huba ya Maisha Magic Bongo zimethibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba tamthilia ndefu, na vipimo navyo vimefika: GeoPoll huuliza watu kwa simu za mkononi nini wametazama. Vituo vya Nairobi na Dar es Salaam viulizwe mapema yale ambayo NBC haikuulizwa mwaka 1982. Je, dada wa kazi anayetazama marudio ya mchana wakati mwenye nyumba yuko ofisini yumo kwenye sampuli? Umeme ukikatika mtaa mzima, kiwango cha jioni hiyo kinasomwaje? Familia ya Kikongo ya mtaa wa Vickery Meadow, Dallas, inayotazama tamthilia ya Bongo kwa simu, inaandikwa kwenye hesabu ya nani? Na kituo kinapotangaza kwamba tamthilia fulani imeondolewa kwa kukosa watazamaji, kitaje hadharani saa iliyopewa, kipindi kilichopambana nacho, na idadi ya watu walioulizwa.